Sadaka yenye sharti: kisa cha Sewa Haji wa Bagamoyo

Saa ya kuona wagonjwa inapokaribia pale Muhimbili, getini hujaa watu wenye vikapu na hotipoti. Mama mmoja anashuka kwenye bajaji, chupa ya uji ameiviringisha kwenye kanga isipoe, anamuuliza wa kwanza aliye mbele yake: "Samahani mwanangu, Sewahaji ni wapi?" Anaonyeshwa kwa kidole, anashukuru, anapita. Jina hutamkwa hivyo hivyo, neno moja, sawa na Kibasila au Mwaisela, majengo mengine ya wodi hapo hapo. Siku moja niliwauliza niliokuwa nao kwenye foleni kama wanajua Sewahaji ni nani. Dada mmoja alidhani ni kijiji. Mzee nyuma yake akasema, "Mhindi mmoja wa zamani, alijenga hospitali." Yakaishia hapo, kwa sababu mlango ulifunguliwa.

Mzee alisema kweli. Lakini katika kweli ile fupi kuna kisa kizima ambacho nadhani kila anayetaka kutoa mali yake kwa ajili ya watu angekisoma mara mbili. Sewa Haji Paroo hakutoa tu. Alitoa kwa sharti, akaliandika, akaacha na mali ya kulitunza. Kisha amana yake ikapita mikononi mwa serikali tatu. Ninachotaka kukipima hapa ni kile sharti lililoweza na kile lililoshindwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Unguja mwaka 1851, katika familia ya Kikhoja, Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, iliyotoka Kutch, upande wa magharibi wa India. Huko Kutch ardhi ni kavu na bahari iko karibu, na kwa vizazi vingi pepo za kaskazi zilileta vijana wake pwani yetu kuuza nguo na kununua pembe. Baba yake alikuwa na duka Unguja, kisha biashara ikavuka maji hadi Bagamoyo, ambako njia ya bara ilianzia. Sewa alihamia Bagamoyo akiwa bado kijana, na huko ndiko alikotajirika.

Kuelewa utajiri ule lazima uone kazi yenyewe kwa karibu. Mtu akitaka kwenda Tabora au Ujiji, mwendo wa mamia ya kilomita hadi zaidi ya elfu moja kwa miguu, hakubeba fedha. Alibeba nguo: merikani nyeupe, kaniki, vitambaa vya rangi vya India, vyote vikihesabiwa kwa doti. Alibeba ushanga na masango, yaani waya za shaba. Na ushanga haukuwa ushanga tu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi ilipitwa na wakati kama mitindo ya kanga. Ukifika Ugogo na samsamu nyekundu wakati watu wanataka nyeusi, mizigo kumi inageuka mawe na msafara unakosa chakula. Mfanyabiashara wa Bagamoyo ndiye aliyekuwa na habari hizo, kwa sababu misafara iliyorudi iliishia mlangoni kwake. Yeye ndiye aliyejua kufunga mzigo wa frasila mbili hivi ukakaa vizuri begani. Yeye ndiye aliyewatafuta wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walioshuka na pembe na sasa wakingoja mzigo wa kurudi nao nyumbani. Na yeye ndiye aliyekopesha. Bidhaa zilitoka leo, malipo yakaja kwa pembe baada ya mwaka au miaka miwili, kwa bei iliyofidia hatari ya njia na kuacha faida nono juu yake.

Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alipewa barua na Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Kikhoja wa Unguja, imfikie kijana mmoja wa kama miaka 20 ambaye angempatia wapagazi. Kijana huyo anamwandika kwa jina la Soor Hadji Palloo, na ndiye Sewa Haji wetu. Stanley amemwaga hasira tele juu yake. Analalamika kwamba alicheleweshwa, kwamba nguo alizopelekewa hazikuwa za ubora walioagana, kwamba hesabu ilivimba. Naamini sehemu kubwa ya malalamiko yale. Stanley alikuwa mgeni mwenye haraka na fedha nyingi, na kijana alikuwa anajifunza kazi kwenye soko ambalo halikuwa na huruma. Nayaleta hapa kwa sababu maisha ya wafadhili tunapenda kuyasimulia kuanzia siku ya kukabidhi jengo. Ya Sewa Haji yaanze dukani, kwenye daftari la madeni.

Tuseme pia lililo zito zaidi. Biashara ya pembe ilitembea bega kwa bega na biashara ya watu. Raia wa Uingereza kutoka India walilazimishwa na balozi wao wa Unguja kuwaacha huru watumwa wao karibu mwaka 1860, na soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Lakini mtaji ulioondoka kwenye maduka ya Kihindi uliwafikia wenye mashamba na wenye misafara ambao hawakuwa na katazo hilo, nao walifanya nao walilofanya. Hata mpagazi huru, aliyelipwa, alibeba kilo zaidi ya 30 kwenye jua na matope, na wengi waliachwa njiani na ndui na kuhara damu. Baadhi yao walirudi Bagamoyo wakiwa wagonjwa, hawana jamaa mjini, wakalala mitaani. Yeyote aliyekuwa na duka Bagamoyo aliwaona. Sidhani mtu anaweza kuandika wosia kama ule wa Sewa Haji bila kuwa na sura hizo kichwani.

Kisha Wajerumani wakaja. Kampuni yao ilijaribu kuishika pwani mwaka 1888, Abushiri na wenzake wakainuka, vita vikapita Bagamoyo na kuiacha na magofu na njaa. Abushiri alinyongwa Pangani mwishoni mwa 1889. Bagamoyo ikawa makao ya utawala kwa muda mfupi tu, maana mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina. Kwa mfanyabiashara wa Bagamoyo huo ulikuwa wakati wa kuchagua: kurudi Unguja, au kukaa na wenye bunduki wapya na kutafuta mahali pake. Sewa Haji alikaa. Na hapa ndipo anapoanza kutoa kwa kiwango kilichomtofautisha na matajiri wenzake.

Kwanza shule. Aliwakabidhi Wajerumani jumba la ghorofa Bagamoyo liwe shule, na akaweka sharti: ipokee watoto wote bila kujali asili yao. Mwafrika, Mwarabu, Mhindi, dawati moja. Jengo hilo lipo hadi leo, na watoto wa Bagamoyo bado wanasoma hapo. Ni Shule ya Msingi Mwambao. Wakati ule kila jamii ilikuwa na njia yake ya kufundisha watoto: chuo cha Kurani, misheni ya mapadri, walimu wa Kigujarati kwa watoto wa wenye maduka. Kumwambia mwenye duka wa Kihindi kwamba mtoto wake atakaa ubao mmoja na mtoto wa mpagazi lilikuwa jambo zito katika jamii yake mwenyewe, achilia mbali Wajerumani. Sharti lile halikuwa pambo. Lilimgharimu.

Pili hospitali, Dar es Salaam, na hii ndiyo iliyobeba jina lake. Tatu ni wosia, ambao kwangu ndio kiini cha kisa chote. Alifariki Unguja Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi. Majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviacha mikononi mwa serikali kama amana, ili mapato yake yaendelee kuisaidia hospitali na kuwalisha wenye ukoma na maskini wa Bagamoyo.

Hebu tuliangalie hilo taratibu. Jengo la hospitali ni sehemu rahisi ya sadaka. Linapigwa picha, linawekwa jiwe la msingi, mkubwa anakata utepe. Kazi ngumu huanza siku inayofuata: dawa, shuka, mafuta ya taa, mshahara wa mpishi. Mwenye ukoma halishwi na jengo. Anakula kila siku, na kesho tena. Sewa Haji alikuwa mtu wa madeni ya miaka miwili, alijua tofauti ya mtaji na matumizi, na katika kutoa alifikiri kama alivyofikiri dukani: usitoe kitu kisicho na kitu cha kukilisha.

Mlinganisho uko ng'ambo tu ya maji. Tharia Topan, yule yule aliyeandika barua ya Stanley, aliweka jiwe la msingi la hospitali pale mbele ya bahari Unguja mwaka 1887, kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria. Ni jengo zuri kuliko karibu yote ya mjini, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Mwenyewe alifariki 1891 kabla halijaisha. Mjane wake alijitahidi hadi likakamilika 1894, lakini urithi ukaingia mivutano na hospitali iliyokusudiwa haikupata uhai. Jengo liliuzwa, na familia ya tajiri mwingine ndiyo iliyofungua humo zahanati ya sadaka, ndiyo maana wengi tunalijua kwa jina la Zahanati ya Zamani. Moyo wa Tharia haukuwa mdogo kuliko wa Sewa. Kilichokosekana ni mali iliyotengwa mapema na kufungwa kwa kusudi hilo, nje ya mikono ya warithi. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na ni kweli. Lakini hapa kuna kitu cha tatu ambacho methali haikukitaja, nacho ni hati.

Sasa tufike kwenye swali linalonisumbua: kwa nini serikali? Pwani yetu ilikuwa na chombo chake cha zamani kwa kazi hii hii. Mwenye nyumba aliiwekea wakfu, kodi yake ikahudumia msikiti, kisima au mafukara, na msimamizi akawa mtu wa mji anayejulikana na kuulizwa. Sewa Haji angeweza kufuata njia hiyo, au kuacha mali kwa jamaati yake, jumuiya ya Waismailia. Hakufanya hivyo, na nadhani sababu iko kwenye sharti lake mwenyewe. Ukiiachia jamaati, hospitali itakuwa ya jamaati. Wengine watakaribishwa, lakini watakaribishwa kama wageni. Yeye alitaka mlango usio na mwenyeji. Mwaka 1892 au 1895, katika mji wenye Waismailia, Wahindu, Wasunni, Waibadhi, Wakatoliki na watu wa bara wa kila kabila, aliyekuwa juu ya wote kwa nguvu ni Mjerumani peke yake. Na Mjerumani ndiye aliyekuwa na madaktari.

Kwa hiyo aliikabidhi dola, na dola ikapokea kwa furaha. Kwa nini isifurahi? Ilipata hospitali ya wenyeji bila kugusa hazina yake.

Hapa ndipo sharti lilipogonga mwamba. Mwaka huo huo wa 1897 hospitali ya Sewa Haji ilipokamilika, Wajerumani walikamilisha hospitali nyingine ufukweni, penye upepo, yenye minara na varanda pana. Ile ilikuwa ya Wazungu. Katika sheria zao Mhindi na Mwarabu kwa jumla waliwekwa upande mmoja na Mwafrika, upande wa wenyeji, mbali na Mzungu. Basi wangeweza kusema bila kudanganya kwamba sharti la marehemu limetimizwa: kwa Sewa Haji anapokewa Mzaramo, anapokewa Mwarabu, anapokewa Banyani. Hakuna aliyezuiwa na mlango. Ila ubaguzi ulikuwa umetoka ndani ya jengo na kuhamia kwenye ramani ya mji. Neno la mtoaji lilitawala chumba alichokijenga, lakini halikufika kwenye kiwanja cha jirani.

Nimelifikiria sana hili, na sikubaliani na wanaosema kwamba alitumiwa, na basi. Angeandika nini zaidi? Mtu hana amri juu ya majengo asiyoyajenga. Na lile alilolifanya halikuwa dogo: wodi ambamo Mhindi mwenye duka na kuli wa bandarini wanatibiwa chini ya paa moja ilikuwa kitu ambacho hakikuwa kawaida ya mji, na kilikuwepo kwa sababu kiliandikwa. Lakini wanaosema kwamba alivunja ubaguzi nao wanampa zaidi ya haki yake. Alichora duara dogo na ndani yake neno lake likaheshimiwa. Nje ya duara mambo yaliendelea.

Amana ina adui mwingine, naye ni kubadilika kwa anayeishika. Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza Septemba 1916, na kila kilichokuwa cha dola ya Kijerumani kikapata bwana mpya. Mali nyingi za enzi ile zilibadilishwa jina au kuuzwa. Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kuitwa hivyo, na ikaendelea kuwahudumia Waafrika na Waasia, huku ya ufukweni ikibaki ya Wazungu. Ni vigumu kuliondoa jina la mtu binafsi aliyetoa mali yake mwenyewe. Jina la gavana linaondoka na gavana. Pengine hilo ndilo lililomlinda.

Mji ulikua, wodi zikazidiwa. Mwaka 1956 Princess Margaret wa Uingereza alitembelea Tanganyika, na hospitali mpya kubwa eneo la Muhimbili ikapewa jina lake. Hospitali ya zamani ikamezwa na hiyo mpya, na jina la Sewa Haji likashuka cheo, kutoka hospitali nzima hadi jengo la wodi. Ukiishia hapo utasema kisa kimekwisha kwa huzuni: binti mfalme ambaye hakutoa hata kitanda kimoja amechukua nafasi ya aliyetoa kila kitu. Lakini uhuru ukaja, na jina la binti mfalme likaondolewa kwenye lango, likaja Muhimbili. Leo ukimuuliza kijana wa Dar Princess Margaret ni nani, atakuuliza kama ni shule. La Sewa Haji linatamkwa kila siku tangu alfajiri, na wauguzi, na madereva wa bajaji, na mama zetu wenye chupa za uji.

Jambo moja linaniuma, nalo ni Bagamoyo. Wenye ukoma na maskini aliwaweka ndani ya wosia, na wosia ndiko mtu anakoweka yanayomkaa moyoni. Jengo la hospitali lilipata historia, shule ikapata historia, lakini nyuma ya chakula cha mwenye ukoma hakuna jengo linaloweza kupakwa rangi wala jina linaloweza kuandikwa ukutani. Wanaoandika juu ya wafadhili wa Kihindi wa pwani yetu, na wameanza kuwa wengi, wangefanya jambo jema kuifuata hiyo sehemu ya amana mpaka sahani ya mwisho. Mfadhili anatazamwa vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayeangalia.

Kazi yake ya biashara nayo ilipata mtu wa kuiendeleza. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa mtoto na kufanya kazi chini yake Bagamoyo, aliichukua biashara ya misafara, akaisogeza hadi Kampala na kando ya reli, akawa na maduka mengi kupita wote. Alifariki 1916, na shule ya sekondari ya Mombasa yenye jina lake ilijengwa na mwanawe. Huko nako ni hadithi ile ile ya duka lililozaa darasa, ila sharti la kuwapokea wote halikuwa mwanzo wake. Lilikuja na uhuru wa Kenya.

Nirudi kwenye sharti. Ile hospitali ya ufukweni, yenye minara, tunaiita Ocean Road. Tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Mama aliyelazwa jengo la Sewahaji akihitaji mionzi anaweza kuandikiwa barua ya kwenda kule, mlango ambao mwaka 1897 Sewa Haji mwenyewe, kwa utajiri wake wote, asingepokewa kama mgonjwa. Anapandishwa gari asubuhi na mapema, binti yake anakaa pembeni na faili mapajani, wanashuka penye upepo wa bahari, na anayeita majina mlangoni anaita jina lake kwa zamu yake.